Utamu Usiokinaisha: Mvinyo wa Kitindamlo na Msamiati wa Ladha

Kiswahili kina maneno mawili ya kinywaji kitokanacho na zabibu, na yote mawili yaliletwa na watu waliokuja na kinywaji chenyewe. Neno mvinyo tulilipata kwa Wareno, ambao husema vinho, na ambao walifika katika pwani ya Afrika ya Mashariki mwaka 1498 na kuishika Mombasa hadi walipoipoteza Ngome ya Yesu mwaka 1698. Neno divai lilitoka katika Kifaransa, kwa kuwa Mfaransa akikukaribisha kiasi cha mvinyo husema du vin, nasi tukayaunganisha maneno yake mawili yakawa moja. Hata tunda lenyewe, zabibu, lina jina la Kiarabu. Na Mwarabu kwa neno hilo hukusudia zabibu iliyokaushwa, ilhali sisi tumelipanua likachukua na ile ingali katika kichala chake.

Basi kinywaji ni cha kuazima, tunda ni la kuazima, na majina ni ya kuazima. Je, ladha nayo tuiazime? Hilo ndilo swali tutakalolishughulikia katika makala haya, na tutalijibu kwa yale tuliyoyaona wenyewe katika muda wa miaka miwili ya kuonja aina chache za mvinyo mtamu unywewao baada ya chakula.

Swali lilizuka miongoni mwetu, walimu wanane wa shule moja ya sekondari mjini Jinja, nchini Uganda. Mwenzetu afundishaye Kifaransa alikuwa amepata kitabu kidogo juu ya mvinyo wa Ufaransa, akatusomea maelezo ya aina moja ya mvinyo mtamu: aya nzima juu ya harufu yake, ladha ya kwanza, ladha ya katikati, na ladha ibakiayo kinywani baada ya kumeza. Kisha akafunga kitabu akatugeukia sisi wa Kiswahili, akasema, "Na nyinyi mtasemaje? Mtasema ni tamu. Na ikiwa nzuri mno, mtasema ni tamu sana." Watu walicheka, nasi tukacheka pamoja nao, lakini neno lile lilitukaa moyoni.

Lilitukaa moyoni kwa sababu halikuwa neno la mzaha tu. Kwa miaka mingi Kiswahili nchini mwetu kilihesabiwa kuwa lugha ya kambi za askari na ya soko. Katiba ilirekebishwa mwaka 2005 kikawa lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kifundishwe kwa lazima shuleni. Sheria ni jambo jema, na sisi tuliipokea kwa furaha. Lakini mwanafunzi huipima lugha kwa kazi anazoiona ikifanya. Akiona kwamba Kiswahili chatosha kuamrisha watu na kununulia nyanya, lakini kikifika mahali pa raha na mazungumzo ya taratibu kinanyamaza, atakijifunza kwa ajili ya mtihani, na siku ya mtihani itakapopita atakiacha pale pale.

Tukakubaliana basi kwamba kila mmoja wetu atatoa shilingi 20,000 kila muhula. Haba na haba hujaza kibaba: kwa fedha hizo tungeweza kununua chupa moja ya mvinyo mtamu katika duka la Kampala, tukaionja pamoja, na kuandika katika daftari kila neno la Kiswahili ambalo wote wangekiri kwamba linafaa. Sharti lilikuwa moja. Tusitafsiri maneno ya kitabu cha mwenzetu. Tuseme kile tu ambacho ndimi zetu zimekiona. Daftari tulikabidhiwa sisi.

Kabla ya kuendelea, inafaa tulieleze neno kitindamlo, maana wapo wanafunzi wasiolifahamu. Kutinda ni kukata au kukomesha; kwa hiyo mtoto wa mwisho huitwa kitindamimba, na chakula kitamu cha mwisho, kama vile matunda au keki, huitwa kitindamlo. Mvinyo wa kitindamlo ni ule unywewao wakati huo, katika bilauri ndogo, aghalabu ukiwa wa baridi. Kazi yake si kukata kiu, sembuse kulewesha. Kazi yake ni kuukata mlo kwa upole.

Yatupasa pia kuwataja wenzetu wasiokunywa kileo, kwa kuwa ni wengi katika chama chetu, na kwa kuwa mtu aliyetufaa kuliko wote katika jambo hili ni mmoja wao. Huyu ni mwalimu mstaafu, mzaliwa wa Lamu, aliyehamia Jinja zamani, nasi sote humwita Maalim. Kileo hakiingii nyumbani mwake, wala hatukuthubutu kukipeleka. Lakini kila baada ya kuonja, kesho yake jioni tulikwenda kwake na daftari letu ili atusahihishie maneno.

Chupa ya kwanza ilikuwa ya bei nafuu, na jina lake hatutalitaja. Bilauri ya kwanza iliwapendeza wote. Ya pili ilinywewa kwa adabu. Ya tatu haikutakwa na mtu, na robo ya chupa ikabaki. Katika daftari tulikuwa tumeandika: tamu, tamu mno, tamu kupita kiasi. Mwenzetu wa Kifaransa hakusema kitu. Hakuwa na haja ya kusema.

Kesho yake tulipofika kwa Maalim na kumwamkia, alituuliza, "Marahaba, walimu. Daftari limeleta nini?" Tukamsomea. Hakujibu. Alitusogezea sahani ya halwa akasema, "Kuleni." Tukala. "Kuleni tena." Tukala tena. Kipande cha tatu tulikirudisha sahanini.

"Mbona mwaacha?"

"Tumeshiba, Maalim."

"Hamkushiba. Mmekinai." Kisha akatumiminia kahawa chungu katika vikombe vidogo. Tulipoinywa, halwa ile ile tuliyoikataa ikatamanika upya. "Sasa mwajua," akasema, "kwa nini halwa haiandikwi mezani peke yake. Utamu usio na wa kuupinga hukinaisha."

Neno hili kukinai ndilo lililokuwa ufunguo wa kazi yetu yote. Asili yake ni Kiarabu, na katika Kiswahili lina pande mbili. Mtu aliyekinai ni yule aliyeridhika na alicho nacho, asiyetamani cha mwenziwe. Hii ni sifa njema. Lakini chakula kikikukinaisha, maana yake kimekujaa hata umekichukia, ingawa hakina kasoro nyingine. Kuridhika na kuchoshwa vimekaa katika neno moja, na mpaka kati yao ni mwembamba. Tangu siku ile hatukuuliza tena kama mvinyo ni mtamu. Tuliuliza kama utamu wake unakinaisha, na kama haukinaishi, ni nini kinachouzuia.

Jibu la kitaalamu tulipewa na mwenzetu wa kemia. Juisi ya zabibu ina sukari nyingi. Hamira huila sukari hiyo na kuigeuza kuwa kileo na hewa. Na ikiachiwa mpaka mwisho huimaliza karibu yote, na mvinyo unaopatikana hauna utamu. Anayetaka mvinyo mtamu ana njia kuu mbili: ama aizuie hamira kabla haijamaliza kazi yake, ama aanze na zabibu zenye sukari nyingi kiasi kwamba hamira itachoka kabla ya kuimaliza. Zabibu za namna hiyo hupatikana kwa kuzikausha, au kwa kuziacha mtini mpaka zigande kwa baridi kali kama wafanyavyo Wajerumani na Wakanada, au kwa njia ya tatu tutakayoieleza. Lakini katika njia zote hizi, sukari peke yake haitoshi. Zabibu njema ina asidi pia, yaani uchachu, na uchachu huo ndio kahawa chungu ya mvinyo. Chupa yetu ya kwanza ilikuwa halwa bila kahawa.

Mvinyo wa pili tuliouonja ulitoka Ureno, katika bonde la mto Douro, nao huitwa Porto kwa jina la mji ulio karibu na mahali mto ule uingiapo baharini. Mipaka ya nchi inayoruhusiwa kuutoa iliwekwa kwa amri ya serikali tangu mwaka 1756. Hapa njia itumikayo ni ile ya kuizuia hamira: juisi ikiwa ingali na sukari nyingi, hutiwa kileo kikali kilichokenekwa kutoka mvinyo, na hamira hufa. Kwa sababu hiyo Porto ni mtamu na mkali kwa pamoja, na kileo chake hufika karibu sehemu 20 kwa mia. Anayeunywa kama maji atajuta.

Rangi yake ilikuwa nyekundu iliyokoza. Kitabu kilisema una ladha ya matunda ya Ulaya ambayo wengi wetu hatujapata kuyaona. Tulikiweka kando. Mwenzetu wa jiografia, baada ya kuonja mara mbili, alisema, "Zambarau." Kila mtu akaitikia. Zambarau, ambayo watoto wa Uganda huiita jambula na kuila mpaka midomo ikabadilika rangi, ndiyo hasa iliyokuwamo: utamu wake, weusi wake, na ule ukakasi unaoukaza ulimi na ufizi. Tukaandika ukakasi. Mwenzetu wa Kifaransa akakiri kwamba hilo ni neno la haki, na kwamba hata wataalamu wa mvinyo hulihitaji, kwa kuwa mvinyo mwekundu hupata ukakasi kutokana na maganda ya zabibu. Tuliongeza pilipili manga kwa ajili ya ule ukali wa kooni. Maalim naye alipolisikia daftari alitukumbusha kwamba "kali" ya pilipili, "kali" ya kileo na "kali" ya siki si kali moja, na kwamba mwandishi makini hana budi kuonyesha ipi anaikusudia.

Muhula wa tatu tulinunua nusu chupa ya Sauternes, kutoka kusini ya mji wa Bordeaux, Ufaransa. Twasema nusu chupa kwa sababu fedha zetu hazikutosha zaidi. Nusu chupa ni mililita 375. Mwenzetu wa kemia aliigawa sawasawa kwa chombo cha maabara, na kila mtu akapata mililita 47 kasoro kidogo. Hatujapata kuona walimu wakinywa kwa utulivu namna ile.

Habari ya mvinyo huu yafaa isimuliwe kwa ukamilifu, kwa sababu ndani yake Kiswahili chenyewe kilitushangaza. Katika nchi ya Sauternes unapita mto mdogo uitwao Ciron, wenye maji ya baridi, nao huingia katika mto mkubwa Garonne, wenye maji ya joto zaidi. Majira ya vuli maji haya mawili yakutanapo huzaa ukungu wakati wa asubuhi, nao huifunika mizabibu; jua la mchana huja likaukausha. Unyevu huo wa asubuhi huotesha juu ya zabibu aina ya kuvu ambayo wataalamu huiita Botrytis cinerea. Mahali pengine, au hali ya hewa ikiwa mbaya, kuvu hiyo huozesha zabibu zikawa hazifai kitu. Hapa, kwa sababu ya jua la mchana, huyatoboa maganda tu; maji ya ndani huvukizwa, zabibu ikasinyaa, na sukari pamoja na asidi vikabaki vimejikusanya. Wafaransa huuita huo uozo wenye heshima. Wachumaji hupita shambani mara nyingi, wakichuma zile tu zilizokwisha kusinyaa. Katika shamba mashuhuri la Château d'Yquem, ambalo katika orodha ya daraja ya mwaka 1855 liliwekwa juu ya yote peke yake, husemwa kwamba mzabibu mmoja hutoa bilauri moja tu ya mvinyo. Na mwaka ukiwa mbaya, kama ulivyokuwa mwaka 1992 na mwaka 2012, hawatoi mvinyo huo kabisa.

Tulikuwa tukimweleza Maalim mambo hayo tulipotua ghafla. Katika Kiswahili ule mvuke wa asubuhi huitwa ukungu, na ile kuvu iotayo juu ya kitu chenye unyevunyevu nayo huitwa ukungu. Katika vitabu alivyokuwa navyo mwenzetu ni maneno mawili yasiyohusiana, na mwandishi hulazimika kueleza kwa aya nzima jinsi moja lizaavyo jingine. Mswahili husema tu: ukungu umeleta ukungu. Maalim alicheka sana, akatuomba tuiandike sentensi hiyo kwa wino mwekundu.

Na ladha yake? Kitabu kilitaja aprikoti. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyepata kula aprikoti, na kulitia neno hilo katika daftari kungekuwa kusema ushuhuda wa mtu mwingine. Tuliandika: embe lililoiva sana, lililo karibu na kikonyo, asali, ganda la chungwa lililokaushwa, na kitu cha nne kilichotushinda jina. Tulimweleza Maalim kile kitu cha nne kadiri tulivyoweza: kwamba ni harufu zaidi ya ladha, kwamba ni kama majani makavu na kama chuma kidogo, na kwamba kinanukia bila ya kuwa ua. Aliinuka akaingia ndani, akarudi na kijikaratasi kilichokunjwa, akatunusisha. Ilikuwa zafarani. Mtu ambaye hajapata kuonja tone la mvinyo maishani mwake aliitambua kwa maelezo yetu, kwa Kiswahili.

Hapo pia tulipata neno la pili la maana, nalo ni kukolea. Chai iliyokolea sukari, mchuzi uliokolea viungo, rangi iliyokolea: katika yote hayo kukolea si kuzidi, ni kufika pale panapostahili. Kinyume chake ni chapwa au dufu. Mvinyo wa Sauternes una sukari ipatayo gramu 120 au zaidi katika kila lita moja, nayo ni nyingi kuliko ya soda nyingi. Lakini hakuna kati yetu aliyesema umezidi. Tuliandika: utamu umekolea, haukinaishi.

Chupa ya nne ilitoka Hungaria, katika nchi ya Tokaj. Hapa pia mito miwili, Bodrog na Tisza, huleta ukungu wa namna zote mbili. Zabibu zilizosinyaa huitwa aszú, nazo huchumwa moja moja kwa mkono. Zamani zilipimwa kwa kikapu cha mgongoni kiitwacho puttony, na idadi ya vikapu vilivyotiwa katika pipa moja la lita 136 ndiyo iliyoonyesha daraja ya utamu. Siku hizi utamu hupimwa kwa gramu, lakini hesabu ya vikapu ingali ikiandikwa juu ya chupa, vitano au sita. Mipaka ya nchi hiyo iliwekwa mwaka 1737, kabla ya ile ya Douro, na Wahungari wanaupenda mvinyo wao kiasi cha kuitaja mizabibu ya Tokaj ndani ya shairi la mwaka 1823 ambalo ndilo wimbo wao wa taifa. Walimu wa lugha watatusamehe tukisema kwamba hilo lilitugusa zaidi ya hesabu ya gramu.

Katika mvinyo huu uchachu ulijitokeza mbele kuliko katika ule wa Ufaransa. Mwenzetu mmoja, mama afundishaye upishi, alionja, akafumba macho, akasema, "Ukwaju na asali." Hatukuwa na la kuongeza. Ukwaju ndio uchachu usiokuwa siki wala limau. Ni mzito, wa kahawia, wenye tunda ndani yake. Mwenzetu wa Kifaransa alinyamaza kwa muda, akaonja tena, kisha akasema kwamba katika kitabu chake chote hamna maneno mawili yaliyoueleza mvinyo huu vizuri kama hayo. Alichukua kalamu yetu akayaandika mwenyewe. Tangu siku hiyo ndiye amekuwa mwepesi kuliko wote kutafuta maneno, na hutusuta tukitumia "tamu" bila ya kuifafanua.

Chupa ya tano ilitufikisha katika bara letu. Karibu na mji wa Cape Town, Afrika ya Kusini, gavana Mholanzi Simon van der Stel alipewa mwaka 1685 shamba aliloliita Constantia. Katika karne ya 18, na hasa baada ya shamba la Groot Constantia kununuliwa na Hendrik Cloete mwaka 1778, mvinyo mtamu wa huko ulishindana na wa Ulaya katika meza za wafalme. Napoleon aliletewa alipokuwa amefungwa katika kisiwa cha Saint Helena. Jane Austen aliutia katika riwaya yake Sense and Sensibility ya mwaka 1811, ambamo mama mmoja mwema anautoa uwe dawa ya msichana aliyevunjika moyo. Mwishoni mwa karne ya 19 mdudu aharibuye mizizi ya mizabibu alifika huko, na mvinyo ule ukatoweka karibu miaka mia. Ulifufuliwa katika shamba la Klein Constantia kwa mavuno ya mwaka 1986.

Huu wanukia waridi, zabibu kavu na ganda la chungwa, na kati ya yote tuliyoonja ndio uliopendwa na wengi zaidi. Lakini hatukuweza kuuandika katika daftari kama tulivyoandika mwingine. Mwenzetu wa historia alitukumbusha kwamba zabibu za Constantia, katika siku zile za sifa zake, zilichumwa na kukamuliwa na watumwa. Watu hao waliletwa Rasini kutoka Madagaska, India, visiwa vya Indonesia, na Msumbiji, yaani kutoka katika pwani hii hii ya Afrika ya Mashariki. Utumwa ulikomeshwa huko kisheria mwaka 1834, na watumwa wakaachiwa kweli mwaka 1838. Majina ya wenye shamba tunayajua. Ya waliochuma hayakuandikwa juu ya chupa. Yamkini baadhi yao walikuwa na jina lao la kuuita ule utamu walioukamua wasiruhusiwe kuunywa. Hatuna njia ya kulipata.

Tulibishana kama inafaa kuendelea kunywa. Wengine walisema kwamba starehe iliyojengwa juu ya dhiki ya watu haionjeki. Wengine walisema kwamba sukari, karafuu na kahawa zina historia ya namna hiyo hiyo, na kwamba kuacha kuonja hakumrudishii mtu jina lake, bali kusimulia huenda kukamrudishia kitu kidogo. Hatukufikia uamuzi mmoja. Tulichokubaliana ni kwamba katika daftari, chini ya waridi na ganda la chungwa, pabaki mistari mitatu mitupu.

Muhula wa sita, uliokuwa wa mwisho katika mpango wetu, hatukutafuta chupa ya mbali. Tuliagiza mvinyo mwekundu mtamu wa Dodoma, Tanzania, ambako zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka kwa kuwa hakuna baridi ya kuulaza mzabibu. Pamoja nao mmoja wetu alileta kibuyu cha maji ya ndizi kutoka kijijini kwao, yaliyokamuliwa asubuhi ile ile. Wenyeji wa Buganda huyaita mubisi. Ndizi za pombe huivishwa, zikakandwa pamoja na nyasi mpaka zitoe maji. Yakitiwa mtama na kulazwa katika mtumbwi wa mti, huwa pombe. Mkamuaji hujua saa ambayo utamu bado umetawala, saa ambayo uchachu umeanza kuupinga, na saa ambayo uchachu umeshinda.

Tulipomsimulia Maalim, alisema kwamba wagema wa pwani nao wana tembo tamu na tembo kali, na kwamba hata wasiokunywa wanaijua methali ya mgema ambaye akisifiwa tembo hulitia maji. Hapo tuliona wazi jambo ambalo tulikuwa tukilizunguka kwa miaka miwili. Elimu ya utamu unaopingwa na uchachu haikuja na Wareno wala Wafaransa. Ilikuwapo kwa mgema, kwa mkamuaji wa ndizi, kwa mpishi wa halwa na kwa mama atiaye ukwaju mchuzini. Na maneno yake yalikuwapo pamoja nao. Sisi walimu ndio ambao hatukuwa tumeyafuata yaliko.

Daftari letu sasa lina maneno zaidi ya mia moja. Hatudai kwamba Kiswahili kina kila kitu. Aszú hatukuitafsiri, na hatuoni haya kuazima jina la kitu kilichozaliwa kwa wenyewe. Hata mvinyo na divai ni maneno ya namna hiyo, nayo sasa ni yetu. Lakini tumejifunza kutenga mambo mawili: jina la kitu laweza kuazimwa, ila ladha yake sharti isemwe kwa kinywa cha anayeonja. Tumejifunza pia kwamba lugha yetu ina upambanuzi ambao hatukuuthamini. Yatofautisha kunuka na kunukia kwa silabi moja tu. Ina chachu, kali, chungu, kakasi, chapwa na dufu. Ina kukolea, na ina kukinai.

Tunawaomba basi walimu wenzetu wajaribu zoezi hili madarasani, bila ya kileo cha aina yoyote. Waleteni wanafunzi na ukwaju, asali, nanasi, ndimu, embe bichi na lililoiva, na kahawa isiyotiwa sukari. Wafungeni macho, waonje kidogo kidogo, na kila mmoja aandike sentensi tano ambamo neno "tamu" limekatazwa. Kisha wapelekeni nyumbani wakawaulize bibi na babu zao maneno ambayo darasa lilikosa. Yatakayopatikana na yaletwe katika jarida hili, pamoja na jina la mahali yalipotoka na, penye ridhaa, jina la mzee aliyeyasema, ili yachapwe na yasomwe na wengine.